Askofu aliyeingia Marekani bila vibali: ana haki ya kuwasemea wahamiaji?

Tumsifu Yesu Kristo, wanajamvi. Naileta hoja hii kwa sababu inawagawa hata Wakatoliki wenyewe.

Evelio Menjívar-Ayala alizaliwa mwaka 1970 Chalatenango, El Salvador, mkoa ulioumizwa sana na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1990 aliingia Marekani bila vibali, kajificha kwenye buti la gari. Akafanya kazi za usafi na vibarua vya ujenzi, akaingia seminari, akapata upadre 2004 na uraia 2006. Desemba 2022 Papa Fransisko akamteua kuwa askofu msaidizi wa Washington, mzaliwa wa kwanza wa El Salvador kuwa askofu nchini Marekani. Kamatakamata ya wahamiaji ilipopamba moto mwaka 2025, aliikemea hadharani.

Wanaompinga wanasema: mtu aliyevunja sheria ya mipaka anapata wapi mdomo wa kuwasema wanaoisimamia?

Wana pa kusimamia, tusiwabeze. Katekisimu, kitabu cha mafundisho rasmi ya Kanisa Katoliki, ibara ya 2241, inazitaka nchi tajiri zimpokee mgeni kadiri ziwezavyo, na papo hapo inamtaka mgeni atii sheria za nchi iliyompokea. Ila wanamsonga mtu mmoja kwa jambo ambalo si lake peke yake. Novemba 2025 maaskofu wa Marekani walikiri kwamba taifa lina wajibu wa kusimamia mipaka yake, kisha wakapinga kufukuza watu kwa wingi bila kuchagua: kura 216 za ndiyo, 5 za hapana.

Mimi kinachoniuma zaidi ni lile neno kwamba angefuata foleni kama wengine. Foleni ipi? Mwaka 1984, maombi ya hifadhi ya Wasalvador yaliyokubaliwa Marekani hayakufika 3 katika kila 100. Na serikali hiyohiyo iliyowakatalia ndiyo iliyolifadhili jeshi la El Salvador ambalo wengi wao walikuwa wakilikimbia. Oscar Romero, Askofu Mkuu wa San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, alimwandikia Rais Carter wa Marekani Februari 1980 akimsihi asitume msaada wa kijeshi. Machi 24 akapigwa risasi akiadhimisha Misa. Msaada uliendelea miaka yote ya vita.

Kwa hiyo wenzangu mnaosema anyamaze, nijibuni hili kwanza: kijana maskini wa Chalatenango, mwaka 1990, alikuwa na njia gani halali ya kuokoa maisha yake?