Ami wa Boston na Mjomba wa Bronx

*Kikundi: Ukoo wa Tanga 🌴*

Nasri: Shikamooni nyote. Leo Ami kanitembeza Fenway Park, uwanja wa besiboli wa timu ya Red Sox. Oneni hiki kiti 📷

Mama Nasri: Marahaba baba. Mbona kimoja chekundu na vyote vya kijani? Kibovu?

Ami (Boston): Shemeji, hicho si kibovu, hicho ni kumbukumbu. Tarehe 9 Juni 1946 Ted Williams aligonga mpira ukasafiri futi 502, kama mita 153, ukatua kichwani mwa baba mmoja. Alikuwa kavaa kofia ya ukindu, ukaitoboa.

Zuhura: Akafa??

Ami (Boston): Iliyokufa ni kofia.

Mjomba (Bronx): Nasri mwanangu, wiki haijaisha tangu ufike washaanza kukulisha sumu. Mchezaji ni Joe DiMaggio wa Yankees, timu yetu ya New York. Huyo Ted alikuwa fundi wa kugonga tu.

Ami (Boston): Haya, kaamka.

Mama Nasri: Mmeanza. Mbele ya mtoto.

Zuhura: Subirini kwanza. Niko hapa na Bibi, ananiuliza huo mchezo unachezwaje, na mimi sijui.

Nasri: Mwambie kuna mrushaji na kuna mpigaji. Mrushaji anautupa kwa kasi ya basi la Dar likiwa limechelewa, na njiani unapinda. Ukiugonga vizuri ukafika kituo cha kwanza kabla hawajakutoa, umepata. Ukipata mara 3 katika 10 wewe ni nyota.

Zuhura: Bibi anasema: anayekosa mara 7 ndiye mnamsifu?

Ami (Boston): Mwambie Bi Mkubwa hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 1941 Ted alikuwa na miaka 23. Siku ya mwisho ya msimu, 28 Septemba, wako Philadelphia, mechi mbili siku moja. Mpaka hapo kapata mara 179 katika 448. Zuhura, piga hesabu.

Zuhura: 0.39955

Ami (Boston): Kwenye vitabu wanaandika 0.400. Meneja wake Joe Cronin akamwambia ukitaka kaa benchi, hiyo 0.400 ni yako. Akakataa. Kacheza mechi zote mbili, kapata 6 katika 8, kamaliza na 0.406. Toka hapo hakuna aliyefika 0.400.

Mjomba (Bronx): Sema vizuri shemeji. Hakuna kwenye zile ligi mbili za wazungu na warithi wao. Josh Gibson mwaka 1943 alifika 0.466 kwenye Ligi za Weusi, na sasa rekodi rasmi zinamtambua. Watu wetu walikuwa wamefungiwa nje, wenu wanagawana mataji.

Ami (Boston): Hapo nakupa haki yako. Lakini nani alilisema hilo hadharani? Mwaka 1966, anaingizwa kwenye nyumba ya magwiji kule Cooperstown, Ted akasimama akawataja Gibson na Satchel Paige, kwamba nao walistahili kuwemo. Hakuna aliyemtuma.

Mjomba (Bronx): Hapo sina neno. Ila 1941 hiyohiyo Joe wangu alifanya nini? Toka 15 Mei mpaka 16 Julai, mechi 56 mfululizo, hakuna hata moja aliyotoka bila kupata. 56! Mpaka leo haijaguswa. Wakamsimamisha Cleveland tarehe 17, na haikuwa kwa ubovu wake. Yule beki wa kituo cha tatu, Ken Keltner, alimnyima mipira miwili ya moto kabisa.

Ami (Boston): Na katika siku hizohizo Joe wastani wake 0.408, Ted 0.412. Wewe unashangilia kelele.

Mjomba (Bronx): Na Mchezaji Bora wa 1941 alikuwa nani vile?

Ami (Boston): …

Mjomba (Bronx): Andika basi.

Ami (Boston): Joe. Kwa kura za waandishi ambao Ted alikuwa hasalimiani nao. Usinianzishe kuhusu kura. Mwaka 1947 Ted aliongoza ligi kwa wastani, kwa homrani na kwa kuwaingiza wenzake nyumbani wapate alama, vyote vitatu, wakampa tena Joe. 202 kwa 201. Pointi moja!

Nasri: Bibi, homrani ni ile unaupiga mpaka unavuka ukuta.

Zuhura: Bibi anasema kaelewa, kama wale wanaovunja vioo vya msikiti.

Ami (Boston): Ted anazo 521, Joe 361. Na Ted aliacha miaka mitatu kwenye vita kuu, halafu wakamrudisha tena Korea kurusha ndege za kivita. Misheni 39. Mara moja ndege ikatua kwa tumbo inawaka moto, karuka nje kakimbia.

Zuhura: Mimi nampigia Ted kura 🙋🏾‍♀️

Mjomba (Bronx): Joe naye katoa miaka mitatu jeshini, 1943 hadi 1945. Na uwanja wake, ukuta wa kushoto-kati ulikuwa mbali futi 457, pale mipira ya wapigaji wa kulia ilikwenda kufa. Na bado: maisha yake yote homrani 361, kutolewa kwa straiki tatu, yaani kushindwa kuugonga, mara 369 tu. Hao wa leo wanafikisha nusu ya hizo kwa msimu mmoja. Halafu kukimbia, kudaka, kurusha, vyote. Misimu 13, fainali 10, mataji 9. Ted mataji mangapi?

Ami (Boston): Besiboli inachezwa na watu tisa.

Mjomba (Bronx): Mangapi shemeji?

Ami (Boston): Sifuri.

Mjomba (Bronx): Fainali moja tu, 1946, kapata 5 katika 25 😂

Ami (Boston): Alikuwa kaumizwa kiwiko!

Mama Nasri: Huyu Joe si ndiye aliyemwoa Marilyn Monroe?

Ami (Boston): Shemeji, hiyo haimo kwenye takwimu.

Mama Nasri: Nauliza tu.

Mjomba (Bronx): Ndiye, dada. 1954. Ndoa haikumaliza hata mwaka. Lakini alipokufa, Joe akawa anapelekesha mawaridi kaburini mara tatu kwa wiki. Miaka 20.

Mama Nasri: Kura yangu kachukua. Mimi hapa hata jasmini ya Idi siioni.

Zuhura: Bibi anauliza, huyo Joe mtoto wa nani?

Mjomba (Bronx): Mwambie mtoto wa mvuvi. Baba yake alitoka Sicily akawa anavua San Francisco. Alitaka watoto wote waingie chomboni, Joe harufu ya samaki ikamshinda.

Zuhura: 😂😂 Bibi kacheka mpaka kakohoa. Anasema, kama wewe ulivyolikimbia dau la babako pale Sahare ukaenda kuendesha mabasi Bronx.

Mjomba (Bronx): Mama jamani, mbele ya shemeji…

Ami (Boston): Bi Mkubwa endelea 😂

Nasri: Ami alinieleza jingine pale uwanjani. Baba huyo mvuvi, vita vilipoanza, hakuwa amepata uraia. Wakamwita mgeni wa taifa adui, wakamzuia kwenda kuvua. Na mtoto wake ndiye staa wa nchi nzima.

Zuhura: Bibi kanyamaza. Kisha anasema: wapi makaratasi yako Nasri?

Nasri: Yako vizuri Bibi, naapa.

Mjomba (Bronx): Na hao ndugu walikuwa watatu ligi kuu. Mdogo, Dom, alicheza Boston, kati ya uwanja, jirani ya Ted kabisa.

Zuhura: Bibi anauliza, sasa timu zikikutana mama yao anamshangilia nani?

Ami (Boston): Swali hilo sijawahi kuulizwa miaka 22 niliyokaa hapa. Ila nikupe kisa. Agosti 1949 Dom naye yuko kwenye mfululizo wake, mechi 34, mpaka leo rekodi ya Red Sox. Wanacheza na Yankees. Nafasi yake ya mwisho, kagonga mpira wa moto unaelekea kati. Nani kaja mbio kaudaka?

Mama Nasri: Usiniambie.

Ami (Boston): Joe. Kaka yake wa tumbo moja.

Zuhura: Bibi anasema Joe hana adabu. Halafu anasema la, kazi ni kazi. Kura yake kwa mtoto wa mvuvi.

Mjomba (Bronx): Dom ama Joe, Mama? Wote wa mvuvi.

Zuhura: Anasema yule mwenye mawaridi.

Nasri: Mimi Ted. Nalala kwa Ami.

Mjomba (Bronx): Hongo hiyo. Haya, Ted ana Ami, Nasri na Zuhura. Joe ana mimi, dada na Mama. Tatu kwa tatu.

Ami (Boston): Kabaki Baba Nasri. Kaka, uko? Mimi ndiye mdogo wako. Kumbuka nani alikubebea vitabu mpaka sekondari.

Mama Nasri: Yuko sebuleni, anatazama mpira. Namwita.

Baba Nasri: Asalaam alaikum. Nimesoma juu juu. Mwenye nyumba kasema Joe, basi Joe.

Mjomba (Bronx): NNE KWA TATU 🕺🏾🕺🏾🕺🏾

Zuhura: Kura moja tena 😭

Mama Nasri: Shemeji? Uko kimya.

Ami (Boston): Nimeugonga vizuri kabisa. Kaka yangu kaudaka.