Mrejesho: Honda C70 ya marehemu baba haizimi tena

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu pikipiki Honda C70 ya marehemu baba ninayoifufua nyumbani: asubuhi inawaka kwa kiki moja, ikishapata moto inazima, haiwaki tena hadi ipoe. Wengi mlisema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Niliifungua, nikasafisha jeti zote (vitundu vya kupitishia petroli), hali ikabaki ileile.

Aliyeniambia nipime cheche injini ikiwa bado ya moto, Mungu ambariki. Ilipozima tu nilichomoa plagi, nikaigusisha kwenye injini, nikapiga kiki: cheche hafifu, ya njano. Kufungua, platini (vile vidude vinavyounga na kukata umeme ili cheche itoke) zimeungua. Kondensa, kile kifaa kidogo kinachozilinda platini zisiungue, ndiyo ilikuwa imechoka, ikipata joto inagoma. Nimebadilisha vyote viwili, pengo la platini nimeliweka milimita 0.35.

Tenki lilikuwa na kutu. Nililijaza siki siku mbili, nikasuuza kwa maji ya magadi, nikalianika juani hapohapo. Magadi msiyaruke, asidi ya siki ikibaki kutu inarudi upesi sana.

Jumamosi nimeiendesha saa nzima bila kuzima. Mama aliposikia ule mlio alitoka jikoni, akasimama mlangoni kimya. Imebaki kushona kiti.

Asanteni sana.