Model S: nibaki na yoki au niweke usukani wa duara?

Neema_K
Wakuu, naomba mawazo yenu. Nimepata Tesla Model S ya 2021, safi kabisa, ila ina usukani ule wa yoki, usio na upande wa juu. Mume wangu ameupenda kwa sababu mita zote zinaonekana. Lakini mimi ndiye nitakayeendesha kila siku, na maoni ya wenye magari hayo yananichanganya: mmoja anasema utazoea tu, mwingine anasema kila akirudi nyuma anashika hewa. Nilipoijaribu, barabara kuu ilikuwa raha tupu. Kwenye maegesho, mkono wa kulia ulienda kutafuta sehemu ya juu ukakosa pa kushika. Nifanyeje?

FundiStelingi
Dada Neema, achana kwanza na umbo, angalia uwiano wa stelingi, yaani unazungusha usukani kiasi gani ili matairi yakate. Kwenye gari hilo, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia unazungusha zaidi ya mara mbili. Ukipiga yuutani lazima mikono ipishane, na hapo ndipo yoki inapokuacha. Wa duara una pa kushika popote mkono unapofikia.

Yoki inaleta maana pale ambapo huhitaji kuachia mikono. Lexus walipoitambulisha RZ mwaka 2022 walionyesha yoki pia, lakini pamoja na mfumo wa stelingi usio na shafti kati ya usukani na magurudumu. Kompyuta inasoma mkono wako, mota ndiyo inageuza matairi. Mwendo ukiwa mdogo, unasogeza usukani kidogo tairi linakata sana. Ukikimbia, linakata kidogo. (Infiniti Q50 ilitangulia na stelingi ya namna hiyo mwaka 2013, ikiwa na usukani wa duara na shafti ya akiba.) Model S ilipewa umbo bila uwiano huo unaobadilika na mwendo. Malalamiko ya wateja yana msingi, si ushamba.

Baba Tatu
Nina yoki na siibadilishi. Magoti yana nafasi, mbele kweupe. Kinachonikera ni indiketa za vitufe vilivyo kwenye usukani wenyewe. Ukiwa katikati ya mzunguko wa barabara (kipilefti), usukani umepinduka, kitufe cha indiketa ya kutokea nacho kimehama, na macho yanatakiwa barabarani. Neema, ujue hata ukiweka wa duara, vitufe vinabaki.

Neema_K
Hilo la vitufe sikulijua, asante sana. Kubadilisha kunawezekana bila kuharibu kitu?

FundiStelingi
Kunawezekana. Mwanzoni mwa 2023 Tesla walianza kutoa wa duara, na wenye yoki Marekani wakapewa nafasi ya kubadilishiwa kwa dola 700. Baadaye yoki yenyewe ikawa ndiyo ya kuongezea pesa. Usinunue usukani wa mtaani. Pale pana mfuko wa hewa na nyaya zake, hapataki kubahatisha.

Kabla ya kulipa, rudi kwenye maegesho finyu. Rudisha nyuma, kata hadi mwisho pande zote mbili, na indiketa uwashe wewe mwenyewe. Mumeo akae pembeni.

Neema_K
Nimeongea na muuzaji, Jumamosi ananiachia gari asubuhi nzima. Nimemwambia wazi: yoki ikinishinda, gharama ya kubadilisha anaitoa kwenye bei.