Sanamu ya plastiki kuhusu uchafuzi wa bahari: tuijengeje hapa Arusha, mbali na pwani?

MwalimuWaSanaa (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha sanaa katika shule moja ya sekondari hapa Arusha. Siku ya Mazingira Duniani huadhimishwa tarehe 5 Juni na Siku ya Bahari Duniani tarehe 8 Juni, hivyo uongozi wa shule umeridhia wanafunzi wangu watengeneze sanamu kubwa ya taka za plastiki itakayozungumzia uchafuzi wa bahari. Wazo la kwanza la wanafunzi ni nyangumi. Wameona picha za yule aliyesimamishwa mwaka 2018 kwenye mfereji wa mji wa Bruges, Ubelgiji, akiwa ameundwa kwa karibu tani 5 za plastiki zilizookotwa Hawaii, na wamevutiwa naye mno.

Kinachonisumbua ni kwamba wengi wao hawajawahi kuiona bahari, na hata wazazi watakaokuja kutazama wataiona ni habari ya watu wa Tanga na Dar es Salaam. Nahofia watu watapiga picha mbele ya sanamu, watamhurumia mnyama wa mbali, kisha chupa zitaendelea kutupwa Mto Naura kama kawaida. Je, kuna namna ya kuifanya bahari iwe jambo letu bila kulazimisha? Na plastiki yenyewe ishughulikiwe vipi ili sanamu isije ikawa taka nyingine?

MkaziWaPasua (Moshi)

Mwalimu, salamu kutoka Moshi. Mimi ningeanza na ramani ya maji kabla ya kuchora mnyama yeyote. Naura yenu huingia Mto Themi, maji ya Themi huishia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa hupokea pia mito ya upande wetu kama Weruweru na Karanga, kisha huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani ndipo unapoanza Mto Pangani, ambao hupita Korogwe na Hale hadi kumwaga maji yake Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Kwa hiyo Arusha na Moshi ziko juu ya mto uleule unaoishia baharini, na mtoto wa Ngarenaro anaweza kuonyeshwa njia hiyo kwa kidole.

Hata hivyo, naomba msiwaambie watu kwamba kila chupa inayotupwa Naura itafika Pangani, kwa sababu si kweli na wakiligundua hilo hawatawaamini tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mito zaidi ya 1,000 ndiyo inayobeba takriban asilimia 80 ya plastiki yote ipitayo mitoni kwenda baharini duniani, na ulionyesha kuwa umbali kutoka pwani ni jambo kubwa: kadiri taka inavyotupwa mbali na bahari, ndivyo uwezekano wake wa kufika unavyopungua. Sehemu kubwa hukwama njiani, kwenye mizizi, kwenye mifereji ya mashamba, kwenye tope la bwawa. Kwangu mimi, hapo ndipo penye hoja nzito zaidi kwa watu wa bara. Ile inayokwama inakwama kwetu, na ile inayopenya ndiyo tunayowapelekea wenzetu wa pwani. Sanamu inayoonyesha safari nzima, pamoja na vituo ambapo safari hiyo hukatika, itasema ukweli ambao nyangumi wa Bruges hakuhitaji kuusema, kwa sababu yule alijengwa kwa taka ambazo tayari zilikuwa zimetoka baharini.

FundiNondo (Arusha)

Nakubaliana na ndugu wa Pasua, nami nitaongeza upande wa ufundi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Jambo la kwanza ni kuijua plastiki yenu. Tazameni alama ya pembetatu chini ya chupa. Chupa za maji na soda huwa na namba 1, na plastiki hiyo ni nzito kuliko maji, kwa hiyo chupa iliyokosa kizibo hujaa maji na kuzama. Kizibo chake hutengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine, iliyo nyepesi kuliko maji, nacho huelea. Jaribuni mbele ya wanafunzi kwa ndoo moja ya maji: kateni kipande cha chupa na kipande cha kizibo, vizamisheni vyote viwili, kisha mviachie. Watoto wataona wenyewe kwamba vitu viwili vilivyonunuliwa pamoja dukani huachana mtoni, kimoja kikabaki kwenye tope na kingine kikaendelea na safari. Ningekuwa mimi, sehemu ya sanamu inayowakilisha mto ningeijenga kwa miili ya chupa, na ile inayowakilisha bahari kwa vizibo na ndala peke yake.

Pili, kusanyeni taka za mto wenu wenyewe, wala msinunue chupa safi kwa waokotaji. Plastiki iliyokaa mtoni ina habari zake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na pombe za viroba zilipigwa marufuku Machi 2017, lakini ukichimba kidogo kwenye kingo bado utakuta mabaki yake. Nimewahi kuvuta kipande cha mfuko wa bluu kilichokuwa kimesokotana na mizizi ya mgomba; nilipokivuta kilikatika vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na vingine vilibaki udongoni, sikuweza kuvitoa. Kipande kama hicho kikiwekwa ndani ya kioo katikati ya sanamu, kitamgusa mtazamaji kuliko chupa elfu zinazong'aa.

Kuhusu ujenzi, tumieni nondo za milimita 8 kwa mifupa, wavu wa kuku kwa ngozi, na waya wa kufungia nondo kwa kushonea. Vizibo vitobolewe kwa keekee, si kwa msumari wa moto, na tafadhali msiyeyushe wala kuchoma plastiki yoyote mbele ya watoto, kwa sababu moshi wake una sumu. Chupa zitobolewe upande unaotazama chini ili zisituamishe maji ya mvua, la sivyo mtafuga mbu shuleni.

Hofu yako kwamba sanamu itakuwa taka mpya ina msingi. Jua huikausha plastiki mpaka inakuwa kama ganda la yai, ikaanza kupukutika chembe ndogo ambazo mvua huzipeleka kwenye mtaro. Sanamu ya namna hii haifai kuachwa nje miaka mingi. Iwekeni chini ya paa, na kabla hamjaanza kujenga andikeni siku ya kuibomoa na mahali ambapo kila aina ya plastiki itapelekwa. Kwa sababu hiyo msitumie gundi wala rangi ya kupuliza. Kila kitu kifungwe kwa waya ili kiweze kufunguliwa.

Mkitaka mfano wa karibu na kwetu, tazameni jahazi la Flipflopi lililojengwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvishwa vipande vya ndala vya rangi nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na baadaye likapelekwa Ziwa Victoria, maana waliolijenga waliona kuwa habari hii ni ya maji baridi pia. Kinachonivutia ni kwamba lilijengwa na mafundi wa majahazi kwa ustadi wao wa siku zote, na ni chombo kinachosafiri kweli.

BintiWaPangani (Moshi)

Mimi nimezaliwa Pangani na sasa naishi Moshi, kwa hiyo nipo kwenye ncha zote mbili za mto huu. Mwalimu, nyangumi mwacheni. Kama mnataka mnyama wa baharini, mfanyeni kasa, kwa sababu ni jirani yetu halisi: wapo wanaotaga katika Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo kwa kuwa kisiwa hicho hufunikwa na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana. Kasa huweza kuudhani mfuko unaoelea kuwa yavuyavu, kiumbe laini wa baharini anayemla, akaumeza. Na upande wa juu wa mto wekeni perege wa Nyumba ya Mungu, ambaye watu wa Arusha na Moshi wanamjua kwa kumla.

MwalimuWaSanaa (Arusha)

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nimewasomea wanafunzi majibu yenu, na jaribio la ndoo limeibua mjadala mkali darasani. Tumekubaliana kujenga mto mrefu uliolazwa kwenye ukumbi wa wazi wenye paa, perege katikati na kasa mwishoni, na kila kituo kitaandikwa jina lake la kweli. Wanafunzi wameomba pia sehemu moja ya sanamu isimamishwe kandokando ya Naura, ili mpita njia aione pale pale taka zinapotupwa. Je, hilo linaruhusiwa?

MkaziWaPasua (Moshi)

Hapo kuweni waangalifu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo nondo zilizofungwa kwa zege hazifai. Maonyesho ya siku moja, yanayobebwa asubuhi na kurudishwa jioni, ni jambo jingine, lakini hata hayo ombeni kibali kwa maandishi halmashauri ya jiji kupitia ofisi ya kata. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake hapa Moshi. Waandikieni mapema kuomba ramani ya bonde, kwa sababu mtaihitaji ili vituo vya mto wenu vikae kwa mpangilio sahihi. Barua iwe na mhuri wa shule.