Chanjo ya rota kwa watoto: tupeane uzoefu

Wadau, mtoto wa mdogo wangu anatimiza wiki 6 na kadi inaonyesha rota, chanjo ya matone ya mdomoni ya kukinga kirusi kinachoharisha watoto. Bibi yake kagoma, anadai hayo matone ndiyo yanaharisha watoto. Mliopitia semeni.

*Mama Mapacha, Mwanza:* Mkubwa wangu ni wa 2010, chanjo hii ilikuwa haijaja. Tanzania imeanza 2013. Usiku mmoja alitapika mfululizo, kikafuata choo cha maji matupu. Kulipokucha utosi umebonyea, analia bila chozi. Jirani akasema hayo ni meno ya plastiki, ile imani kwamba fizi ndizo zinaharisha mtoto, apelekwe kwa mzee fulani akang'olewe! Mama mkwe, Mungu ampe maisha marefu, akatupandisha bodaboda hadi hospitali. Nesi alitafuta mshipa mikononi wapi, akaja kuupata kichwani. Mapacha walipata rota. Kuharisha waliharisha pia, sisemi uongo, ila hawakuacha kunyonya. ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki, tukamalizana hapo hapo nyumbani.

*Abuu, Mombasa:* Kwetu Kenya ilianza 2014. Siku ile mtoto hupewa rota mdomoni, na sindano za mapaja pia. Wangu usiku alichemka kidogo, nyanya yake akalaumu matone. Mimi nashuku zile sindano, paja lilikuwa limevimba.

*Baba Chausiku, Tanga:* Msitarajie asiharishe kabisa. Kinga ni ya kirusi kimoja; maji machafu yana vijidudu vyake. Ila kirusi chenyewe ndicho kinachojaza wodi za watoto.

*Nesi wa RCH (kliniki ya mama na mtoto):* Bibi msimlaumu, wapo watoto wachache wanaolegea choo baada ya matone, hupita. Kwa chanjo ya dozi 2, ni wiki ya 6 na ya 10. Akitema karibu yote, semeni pale pale arudishiwe. Mkichelewa msijifiche kwa kuogopa kufokewa, njooni. Mkibadilisha nepi naweni kwa sabuni, kirusi cha chanjo kilichodhoofishwa hutoka na choo. Jambo la nadra lakini la kukimbilia hospitali: mtoto analia kwa vipindi huku anakunja miguu, anatapika kijani, au choo kina damu.

*Nesi tena:* Na zinki ya mtoto anayeharisha mnaikatisha sana. Chini ya miezi 6 ni nusu ya kidonge cha miligramu 20, mwenye miezi 6 na zaidi kidonge kizima, kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakaa sawa.