Nyie wasimamizi wa makundi ya mashabiki, waacheni watoto wetu walale!

Wanajamvi, leo nimekuja na moto, mtanisamehe.

Kuna kundi la WhatsApp la mashabiki wa BTS, wale waimbaji wa Korea Kusini, hapa Mombasa, jina nalihifadhi kwa sasa. Wanaoliendesha ni watu wazima wenye kazi zao. Waliojaa humo ni watoto wa gredi ya saba na ya nane. Binti ya dadangu, tunakaa naye hapa Kisauni, alikuwa mmoja wao.

Video mpya ikitoka, kinachopiganiwa ni hesabu ya mara ilizotazamwa YouTube saa 24 za mwanzo. Basi amri zinashushwa: usizime sauti, usiurudie wimbo mfululizo, pitisha nyimbo nyingine katikati, eti YouTube isije ikakudhania mashine. Kila saa tuma skrinshoti. Saa nane usiku nimemkuta kakaa sakafuni kando ya soketi, simu iko kwenye chaji, moto kama pasi, anaweka alama kwenye daftari la hisabati kila wimbo ukiisha. Na asubuhi ana mtihani.

Nikamnyang'anya. Kulipokucha nikasoma: msimamizi kamtaja jina mbele ya kundi zima, "shabiki wa bando la shilingi ishirini", emoji za kucheka chungu nzima, kisha akamtoa. Mtoto kalia mpaka sauti ikakauka. Chakula hataki.

Na wale mtakaokuja hapa na "nyimbo za Wakorea ni upuzi", kaeni kando. BTS walipotangaza Juni 2022 kuwa kila mmoja atashika kazi zake, wakaingia jeshini kwa zamu mpaka wa mwisho akamaliza Juni 2025, mtoto huyu aliwangoja. Kajifunza kuandika Kikorea peke yake, kapata marafiki wa Tudor na Likoni. Mapenzi yake ni ya kweli, na hapo ndipo mnapomshikia.

Kampuni ya BTS iko Seoul inahesabu pesa. Wewe unayemkosesha mtoto usingizi unapata nini? Cheo cha admin?

Mzazi, kagua simu usiku huu. Ukiona mtoto hali, halali, piga 116 ya Childline Kenya, ni bure, mchana na usiku.

Nawe msimamizi, najua humu unapita. Skrinshoti zote ninazo. Futa orodha yoyote ya majina ya watoto uliyo nayo na umuombe radhi binti yetu mbele ya kundi lile lile ulilomtukania. Nakupa hadi Ijumaa.