Loire, Danube au Mosel: bonde lipi lina barabara tulivu zaidi kwa baiskeli?

Gia_Ndogo
Habari za leo wakuu. Tunataka kuendesha baiskeli wiki nzima kwenye bonde la mto: njia tambarare, magari machache, vijiji vya kupumzikia. Nimebaki na chaguo tatu. Loire ya Ufaransa, Danube kuanzia Passau (Ujerumani) hadi Vienna (Austria), na Mosel ya Ujerumani kuanzia Trier hadi Koblenz. Tiketi nakata mwisho wa mwezi. Mliopita huko, nishike ipi? Nawasilisha.

CheniKavu
Mkuu, mko wangapi? Mwezi gani? Baiskeli zenu au za kukodi? Mnalala kwenye hema au hotelini? Usiposema, kila mtu hapa atakusifia alikopita yeye.

Bi Pampu
Na visa je? Zote tatu ziko ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, kwa hiyo visa moja inatosha, lakini maombi unapeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Passau usiku mmoja na zilizobaki zote uko Austria, basi ni Austria, hata kama safari inaanzia Ujerumani.

Mzee wa Pedali
Danube. Uzi ufungwe.
Ni kilomita 320 hivi na karibu njia nzima ina lami. Passau iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari na Vienna kama 160, kwa hiyo mnateremka bila hata kujua. Sehemu kubwa ina njia pande zote mbili za mto, ukichoka na upande mmoja unavuka kwa pantoni. Mkifika Wachau, kile kipande cha Melk hadi Krems, shikeni ukingo wa kusini. Kaskazini ndiko kuna barabara kubwa na mabasi ya watalii wanaokwenda Dürnstein kuangalia gofu la ngome aliyofungiwa Richard, mfalme wa Uingereza, mwaka 1192. Pale Spitz kuna pantoni imefungwa kwenye waya uliokatiza mto, na mkondo wa maji ndio unaoivusha. Hapo mtataka mvuke mara mbili.

Upepo wa Nyuma
Mzee, hakuna magari, sawa. Lakini baiskeli? Julai na Agosti njia ile unapiga kengele mpaka kidole kinauma. Vikundi vya watu ishirini, wote wamesimama katikati ya njia wanapiga picha.
Mimi nasema Loire. Njia yao ina kilomita 900 hivi hadi Saint-Brevin-les-Pins baharini, hivyo watu wanatawanyika. Unachagua kipande, mfano Angers hadi Blois, na sehemu kubwa ni barabara ndogo za mashambani na matuta ya kuzuia mafuriko. Ila tahadhari na yale makasri: Chambord haiko mtoni, unaingia ndani kilomita kadhaa, na Chenonceau imejengwa juu ya mto Cher, wala si Loire. Wengi wanapanga siku fupi halafu wanajikuta wanapiga pedali hadi jioni. Na muende kutoka magharibi kuelekea mashariki, upepo mwingi hutoka baharini.

Mzee wa Pedali
Yaani likizo, halafu unaupandisha mto?

Upepo wa Nyuma
Kupandisha kitu gani? Mji wa Orléans, huko juu kwenye Loire, uko kama mita 100 tu juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Mteremko huo huusikii mguuni. Upepo wa mbele kwa saa nne utausikia mpaka kwenye meno.

Ramani Nyeupe
Someni mada. Kasema BARABARA tulivu, ninyi mnamletea njia za baiskeli zenye vibao na foleni. Chukua ramani ya Michelin: nyekundu ni barabara kubwa, njano za kati, nyeupe ndizo ndogo. Fuata nyeupe. Kuna bonde la mto Célé, kusini-magharibi mwa Ufaransa, unatoka mji wa Figeac unateremka hadi Célé inapoingia mto Lot, majabali juu yako, mto pembeni, na gari moja moja. Bonde la mto Dordogne liko jirani tu, lakini hiyo kiangazi inafurika magari na mitumbwi.

CheniKavu
Célé nimepita, ni pazuri kweli. Lakini hakuna treni bondeni. Mvua ikikukamata katikati umekwama. Mleta mada hatujui hata kama anajua kuziba pancha.

Gia_Ndogo
Asanteni wakuu, samahani nilikuwa kazini. Tunaishi huku huku Ulaya, visa si tatizo. Ni wiki ya mwisho ya Agosti. Tuko watatu: mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 9, ana baiskeli yake. Mke anafikiria kukodi ya umeme. Tunalala hotelini. Pancha naziba.

CheniKavu
Mtoto ndiyo unamtaja saa hizi!
Basi Célé futa, hakuna pa kujibanza gari likija kwenye kona. Mosel nayo ifikirie mara mbili. Sehemu nyingi ni nzuri, lakini kuna vipande njia inabanana na barabara kuu, malori yanapita kando yako. Halafu watu hudhani treni inafuata mto muda wote. Kuanzia Koblenz hadi Bullay inaufuata karibu muda wote, kisha reli inakatiza ndani kuelekea Trier, mto ukibaki unazungukazunguka peke yake. Kipande hicho mtoto akichoka, tegemeo ni kale kareli ka Traben-Trarbach au basi.

Bi Pampu
Ngoja niseme habari ya kukodi, maana naona mama mtoto anataka kukodi.
Mimi na dada yangu tulichukua baiskeli Passau za kurudishia Vienna. Kampuni sitaitaja. Zilikuwa zimeoshwa zinang'aa, hata cheni unaona haya kuigusa. Tumepita Linz nikaanza kusikia tik, tik, tik nyuma. Halafu breki ikawa inasugua kila gurudumu likizunguka. Kushuka, spoku imekatika. Tena ya upande wa gia, imekatikia pale kwenye kikunjo kinachoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Hiyo huibadilishi bila kutoa gia zote za nyuma, na gia hazitoki bila kifaa chake.
Siku yenyewe Jumapili. Austria Jumapili maduka yamefungwa, na fundi baiskeli naye yuko kwake anakula. Nikapiga namba ya dharura iliyobandikwa kwenye fremu, ikapokea mashine: ofisi itafunguliwa Jumatatu asubuhi. Dharura gani inasubiri Jumatatu?
Dada yangu akaisokota ile spoku kwenye spoku ya jirani, akaifunga na utepe isije ikanasa kwenye cheni. Tukalegeza breki ya nyuma ili rimu ipite. Mikoba yangu yote akaibeba yeye. Mimi nikawa napanda kidogo, nasukuma kidogo, mpaka mji uliofuata. Jioni nikakagua gurudumu zima, kuna spoku nyingine zinacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Jumatatu kampuni ikaniambia tatizo ni uzito wangu, na dhamana wakakata.
Kwa hiyo kabla hujatoka dukani, bana spoku mbili mbili kwa vidole, zunguka gurudumu lote. Moja ikilegea kuliko wenzake, kataa hiyo baiskeli. Ya umeme ndiyo zaidi, maana nyingi zinafika kilo 25 hivi na uzito wote unakalia magurudumu yale yale.

Mzee wa Pedali
Pole sana dada. Ila hilo ni kosa la kampuni, Danube haina hatia.

Bi Pampu
Nani kaulaumu mto?

Mzee wa Pedali
Halafu umeme kwenye tambarare ni wa nini? Sheria ya Ulaya mota inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Upepo ukiwa mgongoni unabeba betri bure.

Upepo wa Nyuma
Na mwenye magoti mabovu je? Mwache mama wa watu apande anachotaka. Shida ya umeme ni ngazi za stesheni. Lifti ikiwa mbovu, kilo 25 unapandisha wewe, mleta mada. Na treni za Railjet za Austria nafasi ya baiskeli ni lazima uiwekee booking mapema, msifike Vienna mkadhani mtaingia tu.

Gia_Ndogo
Helmeti kwa mtoto ni lazima huko?

CheniKavu
Austria na Ufaransa ni lazima kwa walio chini ya miaka 12. Ujerumani sheria haisemi, lakini mvalishe. Ujerumani pia mtoto anaruhusiwa kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu mpaka atimize miaka 10, inasaidia mkiwa mjini.

Ramani Nyeupe
Helmeti, lifti, booking. Watu wanatafuta utulivu kweli hapa?

Bi Pampu
Wewe uliyemshauri mtoto wa miaka 9 apite kwenye kona za majabali kaa kimya kidogo.

Ramani Nyeupe
Mtoto alikuwa hajatajwa!

Mzee wa Pedali
Gia_Ndogo, sikiliza. Kwa Danube na mtoto, toka Passau kwa ukingo wa kusini. Ukishika wa kaskazini, pale kwenye kile kizingo cha Schlögen njia inakata, lazima upande pantoni. Kama mtoto anapenda pantoni basi fanya makusudi. Angalia ratiba tu, jioni zinaacha mapema.

Gia_Ndogo
Nimemwonyesha, anataka pantoni. Mama yake naye ameona picha za Souzay-Champigny karibu na Saumur, ile barabara inayopita ndani ya mwamba kwenye nyumba za mapango, sasa anasema Loire. Nimerudi nilikoanzia.

Upepo wa Nyuma
Mama kasema Loire, umemaliza. Ujue tu kati ya Saumur na Montsoreau njia inapanda kidogo, inaacha mto inaingia kwenye mizabibu. Kipande hicho mtoto atalalamika.

CheniKavu
Baiskeli ya mtoto ni inchi ngapi? Ina gia? Ukiniambia inchi 20 bila gia halafu unapanga kilomita 50 kwa siku, si Loire wala Danube. Kaeni sehemu moja, mfano Amboise kwenye Loire au Krems kwenye Danube, mtoke asubuhi mrudi jioni bila mizigo.

Gia_Ndogo
Inchi 24, gia 7. Kilomita 50 hajawahi. Tunafanya 25, akipata aiskrimu katikati.

Bi Pampu
25 kwa siku Vienna hamfiki kwa wiki. Hata Linz hadi Vienna bado ni ndefu kwenu.

Mzee wa Pedali
Si waanzie Melk?

Tairi Nene
Samahani kuingilia wakuu. Mto Elbe wa Ujerumani hakuna aliyepita? Dresden kushuka chini?

Mzee wa Pedali
Fungua uzi wako, mdogo wangu. Na utaje mwezi.